Klorini haikai bwawani? Namna ya kulitunza bwawa la nyumbani msimu wa kaskazi

Kaskazi ikishakaa, kuanzia Disemba hadi Machi, mabwawa ya kuogelea ya majumbani hapa Unguja huwa walafi. Ndoo ya klorini iliyokuwa ikidumu wakati wa kipupwe sasa inakwisha kabla mwezi haujaandama tena. Mwenye nyumba anamshuku mtunzaji, mtunzaji analishuku duka, na wote wawili wanaishia kumimina zaidi. Siku mbili maji yanang'aa, ya tatu yana wingu, ya nne kuta zinateleza.

Kinachomaliza pesa ni kule kumimina bila kujua ile ya jana imekwenda wapi. Walaji wa klorini ni wanne: jua, uchafu uliomo majini, miili ya wanaoogelea, na mara nyengine maji yenyewe unayojazia. Kila mmoja ana dawa yake. Kumtambua kunataka kipimo kizuri, jioni moja na asubuhi moja.

Kwanza, jua bwawa lina maji kiasi gani

Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina, vyote kwa mita. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na 1.8 upande wa pili, wastani wake ni mita 1.4. Hiyo ni mita za ujazo 45 hivi, yaani lita 45,000. La duara, chukua nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kina. Iandike namba hiyo kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Watunzaji hubadilika, bwawa halibadiliki.

Nitatumia bwawa hilo la lita 45,000 kama mfano mpaka mwisho. Lako likiwa nusu yake, gawa kwa mbili. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 katika kila lita (vipimo vingi huandika ppm, ni kitu kilekile) kunataka gramu 45 za klorini halisi. Kwa unga wa asilimia 65 hiyo ni kiasi cha gramu 70. Kwa klorini ya maji ya asilimia 10, ikiwa ni mpya, ni mililita 450. Kidonge kikubwa cha gramu 200 chenye asilimia 90 kinapandisha miligramu 4 kikishayeyuka chote.

Pili, pata kipimo kisichokudanganya

Karatasi za kuchovya ni rahisi, lakini unyevu wa hewa yetu huziharibu kopo likishafunguliwa mara kadhaa. Kile kipimo cha matone kinachogeuza maji kuwa manjano nacho hakifai kwa kazi hii, kwa kuwa kinaonesha klorini yote kwa jumla, iliyo hai na iliyokwisha kutumika. Tafuta cha DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Hicho kinakupa namba mbili: klorini huru, ambayo ndiyo inayofanya kazi, na klorini jumla. Toa ya kwanza katika ya pili, utapata ile iliyoshikana na jasho na mkojo. Tofauti hiyo ikipita 0.5, ndipo macho yanapowasha na bwawa linapotoa ile harufu kali ambayo wengi huidhani ni ya klorini nyingi. Mara nyingi ni kinyume chake: klorini huru imepungua na kilichobaki ni mabaki yake.

Kuna mtego mmoja hapa. Klorini ikiwa nyingi mno, zaidi ya miligramu 10 hivi, huunguza rangi ya DPD na maji ya kipimo yakabaki meupe, kana kwamba hamna kitu. Mtu anaona meupe, anamimina tena. Ukishuku hivyo, chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, changanya na sehemu nne za maji safi ya chupa, pima, kisha zidisha jibu mara tano.

Chota maji kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu la kurudishia maji.

Tatu, jaribio la usiku

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na halina gharama. Baada ya magharibi, jua likishazama kabisa, tia dozi yako ya kawaida, acha pampu izungushe kwa saa moja, kisha pima klorini huru na uandike. Usiku huo asiogelee mtu. Pampu iendelee kufanya kazi kama umeme unaruhusu. Ukitoka kusali alfajiri, kabla jua halijachomoza, pima tena.

Usiku hauna jua. Kwa hiyo chochote kilichopotea kati ya vipimo viwili kimeliwa na kitu kilichomo ndani ya maji. Ikiwa upungufu ni miligramu 1 au chini yake, bwawa ni safi na mlaji wako ni jua. Ikizidi hapo, una ukoga wa kijani, hata kama jicho halijauona bado, au uchafu umejificha mahali. Ukipata yote mawili, upungufu mkubwa usiku na mkubwa zaidi mchana, anza na uchafu. Kushughulika na jua wakati ukoga umo ni kupoteza dawa.

Mlaji akiwa jua

Klorini isiyokingwa haina maisha juani. Miale ya jua kali huvunja karibu nusu yake kwa muda usiofika saa moja, na baada ya saa mbili kilichobaki ni kidogo sana. Nasi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linasimama utosini, na katikati ya tarehe hizo haliendi mbali.

Kinga yake ni stabilaiza, jina la dukani la asidi ya sianuriki. Inaishika klorini na kuiachia kidogo kidogo, jua likaikuta imejificha. Kwa bwawa la nje hapa kwetu, miligramu 40 hadi 50 kwa lita zinatosha. Kulifikisha bwawa la lita 45,000 kutoka sifuri hadi 40 kunataka kilo 1.8. Inayeyuka polepole sana, kwa hiyo itie ndani ya soksi kuukuu, ifunge, uining'inize mbele ya tundu la kurudishia maji na uiminye-minye kila ukipita. Usiimwage sakafuni ikalala huko.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo mabwawa mengi ya nyumba za wageni yanapoharibika. Vidonge vile vikubwa vinavyowekwa kwenye kikapu au kwenye kielea tayari vina stabilaiza ndani. Kila vinapoongeza klorini miligramu 10, vinaacha stabilaiza kiasi cha miligramu 6. Klorini inaisha, stabilaiza haiishi. Haipandi hewani na maji, hailiwi na jua. Tuseme bwawa letu linakula miligramu 2 za klorini kwa siku, jambo la kawaida wakati wa joto. Hicho ni kidonge kimoja kila siku mbili, 15 kwa mwezi, na kila kidonge kinaacha 2.4. Mwezi mmoja umeongeza 36. Kutoka Disemba mpaka mwisho wa Machi umeongeza zaidi ya 140, juu ya ile uliyokuwa nayo.

Na stabilaiza ikizidi, klorini inashikwa mno hata haifanyi kazi. Kipimo kinasema 3, bwawa ni kijani, na watu wanabishana na kipimo. Wanaoshughulika na mabwawa kwa makini hufuata kanuni hii: klorini huru isipungue asilimia 7.5 ya stabilaiza. Stabilaiza ikiwa 40, shika klorini 3 na kuendelea. Ikiwa 120, ungehitaji 9 kila siku ili upate kazi ileile. Hapo ndipo ndoo zinapokwenda.

Kwa hiyo pima stabilaiza kila mwezi. Kipimo chake ni kile cha kuchanganya maji na dawa yakawa kama tui, kisha unamimina kwenye kichupa kirefu mpaka kidoa cheusi chini kisionekane. Simama nje, jua likiwa mgongoni na kichupa kikiwa kwenye kivuli cha mwili wako. Ndani ya chumba cha pampu chenye kiza utapata jibu jengine kabisa.

Ikishapita 80, hakuna dawa ya maana ya kuishusha isipokuwa kumwaga maji. Ukibadilisha theluthi, stabilaiza inapungua theluthi. Lakini usilikaushe bwawa lote kwa pupa, khasa kama nyumba iko karibu na pwani. Kule kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe maji ya chini hupanda na kushuka kufuatana na bahari, na bwawa tupu linaweza kusukumwa juu likapasuka. Subiri maji mafu, acha siku za bamvua zipite, na umwage kwa awamu: robo, jaza, zungusha, pima, tena robo. Maji unayotoa yaache kwanza klorini ishuke hadi sifuri. Usiyaelekeze ufukweni wala karibu na kisima cha jirani.

Ushauri wangu kuhusu aina ya klorini ni huu. Ukipata klorini ya maji iliyotoka kutengenezwa, hiyo ndiyo bora wakati wa kaskazi, kwani haiachi stabilaiza wala chokaa. Shida yake ni kwamba joto huiua ndani ya dumu. Dumu lililokaa wiki nyingi kwenye duka la mabati si asilimia 10 tena, liandikwe vyovyote. Usipoipata, tumia unga wa asilimia 65 kila jioni. Unga unaongeza chokaa kidogo majini, na kwa maji yetu magumu utaona vigae vikiota utando mweupe baada ya miezi, lakini hilo ni dogo kuliko bwawa lililojaa stabilaiza. Vidonge viweke kwa siku ambazo nyumba haina mtu.

Mlaji akiwa uchafu

Jaribio la usiku likionesha upungufu mkubwa, usianze na klorini. Anza na brashi. Sugua kuta zote, nyuma ya ngazi, ndani ya mdomo wa skima (lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), chini ya vifuniko vya taa, na mistari ya saruji kati ya vigae. Ukoga hupenda pale maji yasipopita. Toa majani chini: jani la mwembe au la mkungu likilala sakafuni siku tatu linakula klorini usiku na mchana. Safisha kikapu cha skima na cha pampu. Filta ya mchanga ioshe kwa kurudisha maji kinyume mpaka kioo kidogo cha pembeni kioneshe maji safi. Mchanga uliokaa miaka mingi huganda, na ndani yake mnakuwa na uchafu ambao hakuna dozi itakayoumaliza.

Halafu, usiku, piga dozi kubwa. Kwa stabilaiza ya 40, pandisha klorini huru hadi 12 au 16. Kwa bwawa letu 12 ni kiasi cha gramu 830 za unga wa asilimia 65. Uyeyushe kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji na umimine ukizunguka bwawa. Pampu isizimwe. Kesho yake pima mara mbili tatu (kumbuka ule mtego wa rangi kuungua), rudisha pale palipopungua, sugua tena. Dozi moja ya usiku mmoja haitoshi kwa bwawa la kijani. Inaua ukoga wa juu tu na ule wa kwenye nyufa unarudi baada ya wiki. Endelea mpaka mambo matatu yatimie: maji yawe meupe hata uione skrubu ya tundu la chini, klorini iliyoshikana iwe chini ya 0.5, na upungufu wa usiku usizidi 1. Watu wasiingie mpaka klorini ishuke chini ya 5.

Usiyasahau maji ya kujazia

Joto na upepo huondoa maji mengi, na unachojazia si maji matupu. Visima vya kwenye mawe, tuseme Paje, Jambiani au Makunduchi, hutoa maji yenye chokaa nyingi, na vya karibu na bahari vina chumvi. Maji ya chokaa hupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; kadiri namba inavyopanda, uchachu unapungua), na pH ikipanda klorini haipotei, inalala. Katika maji yasiyo na stabilaiza, kwenye pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini huru ndiyo iliyo kali. Kwenye 8 inabaki kama robo. Shika 7.2 hadi 7.6. Maporomoko ya mapambo na mabwawa yanayomwagika ukingoni hupandisha pH haraka zaidi, kwa hiyo yazime wakati hakuna wa kuyatazama.

Kushusha, anza na mililita 300 za asidi ya hidrokloriki ya asilimia 30 hivi kwa bwawa la lita 45,000. Mimina taratibu upande wenye kina, pampu ikifanya kazi, upime tena baada ya saa nne. Usikimbilie kuongeza.

Kisima kilicho jirani na karo la choo kina jambo jengine. Maji yake yanaweza kuwa na amonia, na amonia huila klorini kwa ukali kuliko ukoga. Kulijua hilo, jaza ndoo safi ya plastiki lita 10 za maji ya kisima, iweke ndani kivulini, tia nusu mililita ya klorini ya maji ya asilimia 10 kwa bomba la sindano, koroga, na usubiri nusu saa. Ulitia miligramu 5 kwa lita. Ukikuta 4 na zaidi, kisima hakina neno. Ukikuta 1 au sifuri, huyo ndiye mlaji wako, na ni nafuu kununua maji ya boza kuliko kupigana na kisima hicho. Fanya pia jaribio hilo kwa maji ya chupa, ujue kama klorini yako yenyewe bado ina nguvu.

Siku ya kaskazi ipangwe hivi

Dozi itiwe baada ya magharibi, kila siku, kidogo. Dozi kubwa ya mara moja kwa wiki inayotiwa Jumamosi asubuhi, kama nyumba nyingi zinavyofanya, ni zawadi kwa jua. Ukitia jioni, klorini inapata saa kumi na mbili za kufanya kazi bila kusumbuliwa. Asubuhi saa moja pima klorini na pH. Saa kumi alasiri pima tena siku mbili za kwanza, ujue bwawa lako linapoteza kiasi gani mchana. Baadaye utakuwa unajua.

Pampu ifanye kazi saa 8 mpaka 12 kwa siku wakati wa joto. Najua TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, inavyokimbia, na wenye nyumba wengi huizima kubana matumizi. Kama lazima ubane, gawa: saa chache baada ya kutia dozi usiku, na saa chache asubuhi wakati wa kuokota majani. Pampu iliyozimwa siku mbili kwenye maji ya nyuzi 31 hugharimu klorini nyingi kuliko umeme uliookolewa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, kama Unguja ilivyokaa kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, katikati kabisa ya kaskazi, yeyusha dozi kwenye ndoo, mimina ukizunguka bwawa lote, na uchanganye kwa brashi ndefu.

Kivuli kinasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Banda la makuti au turubai lililokazwa juu ya nusu ya bwawa, kati ya saa nne na saa tisa, linapunguza kazi ya jua na kuyapoza maji. Usitandaze turubai juu ya maji yenyewe kama nyumba ina watoto. Mtoto akilikanyaga linamfunika.

Na watu. Mafuta ya kujikinga na jua, mafuta ya nazi, jasho na mchanga wa pwani vyote vinaila klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Bomba la kuogea kando ya bwawa, lililowekwa mahali ambapo mgeni hana budi kulipita, linafanya kazi kuliko kibao cha onyo. Siku ya sherehe yenye watoto kumi na tano majini, tia dozi mara mbili jioni hiyo na usishangae.

Mikono, macho na stoo

Unga na vidonge visikutane hata kidogo, wala kwa kijiko kimoja, wala kwenye kielea kimoja. Ni kemikali mbili tofauti na zikikutana zenye unyevu zinaweza kuwaka au kulipuka. Klorini na asidi zikigusana hutoa gesi inayoua. Ziweke pande mbili tofauti za stoo, na asidi isiwe juu ya klorini. Siku zote tia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga. Vaa glavu na miwani, simama upande upepo unakotoka. Ikiruka jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali. Anayekohoa kwa moshi wake mtoe nje kwenye hewa kwanza. Stoo iwe na kivuli, ipitishe hewa na ifungwe kwa kufuli. Chupa za soda zisitumike kuhifadhia asidi, kwa vyovyote vile.

Masika ikianza, mambo yanageuka ndani ya wiki chache. Mvua inalijaza bwawa, linafurika, na stabilaiza inakwenda na yale maji. Jua limefunikwa na mawingu, na dozi ya Februari sasa ni nyingi mno. Pima stabilaiza baada ya mvua kubwa ya kwanza, punguza dozi ya jioni kwa nusu, na upime asubuhi inayofuata kabla ya kuamua zaidi.